Malimbikizo ya Makarani wa Bunge ni Deni, si Fadhila

Katika kurasa hizi tumezungumza mara nyingi juu ya Katiba, kura, mahakama na polisi. Leo tunamwomba msomaji atuvumilie tuzungumze juu ya mshahara, tena mshahara wa watu ambao hawajapata kutajwa katika mkutano wowote wa hadhara: makarani, makatibu muhtasi, wapiga taipu na waandishi wa Hansadi. Ndio wanaofanya kazi katika Bunge letu, katika afisi za maeneo-bunge na katika mabunge 47 ya kaunti. Tunasema wazi tangu mwanzo kwamba nyongeza ya mshahara ikishaidhinishwa na kupewa tarehe ya kuanza, ni mali ya mfanyakazi tangu tarehe hiyo. Isipolipwa kwa wakati, kinacholimbikizwa ni deni, na dawa ya deni ni kulipa.

Wako wanamageuzi watakaouliza jambo hili linahusu nini na demokrasia ya vyama vingi. Watasema kwamba haya ni mambo ya waajiri na waajiriwa, na kwamba taifa lina vidonda vikubwa zaidi. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Anayetaka kujua kama Bunge ni huru asitazame mbunge peke yake. Atazame pia mtu anayeandika maneno ya mbunge, aulize ni nani anayemlipa, nani anayeweza kumhamisha, na nani anayeweza kuuzuia mshahara wake bila kuulizwa na mtu.

Tukumbushane tulikotoka. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, Bunge la Kenya liliendeshwa kama idara mojawapo ya serikali. Wafanyakazi wake walikuwa watumishi wa umma kama wale wa wizara yoyote. Waliajiriwa na kupandishwa vyeo kupitia Tume ya Utumishi wa Umma, na fedha za kuliendesha Bunge zilitegemea hisani ya Hazina. Nayo tume hiyo haikuwa na ngome. Mwaka 1986 Katiba ilibadilishwa ili kumwondolea Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulinzi wa kazi zao. Mwaka 1988 wakafuata majaji pamoja na wanachama wa Tume ya Utumishi wa Umma. Kwa hiyo karani wa Bunge aliajiriwa na tume ambayo wanachama wake wenyewe wangeweza kufutwa kazi kwa neno la mtu mmoja. Ulinzi huo ulirudishwa mwaka 1990, baada ya malalamiko mengi ya mawakili, makanisa na wananchi wa kawaida.

Kisha, mnamo Desemba 1991, kifungu cha 2A kikafutwa. Uchaguzi wa mwaka 1992 ukaleta wabunge 88 wa upinzani katika Bunge lenye viti 188 vya kuchaguliwa. Kamati ya Hesabu za Serikali ikaanza kuongozwa na wapinzani. Maswali yaliyokuwa yakiulizwa kwa minong'ono sasa yakaulizwa kwa vipaza sauti. Lakini ni nani aliyeyapokea maswali hayo na kuyapiga taipu? Ni nani aliyetunza mafaili ya kamati iliyokuwa ikichunguza matumizi ya serikali? Ni mtumishi wa serikali hiyo hiyo iliyokuwa ikichunguzwa. Hatumshuki mtu yeyote kwa kusema hivyo. Wengi wao waliifanya kazi hiyo kwa uaminifu mkubwa, na kumbukumbu za mijadala ya miaka ile zipo hadi leo kushuhudia. Tunalosema ni kwamba uaminifu wao haukuwa na ukuta wa kuukinga. Vyama vingi viliingia ndani ya jumba ambalo funguo zake zote, pamoja na ufunguo wa sanduku la mishahara, zilibaki mikononi mwa serikali kuu.

Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1999. Kwa mswada uliowasilishwa na Mheshimiwa Peter Oloo Aringo, Katiba ilirekebishwa na Tume ya Huduma za Bunge ikaundwa. Mwaka 2000 ikafuata Sheria ya Huduma za Bunge. Kuanzia hapo Bunge likapata uwezo wa kuajiri watu wake, kupanga vyeo vyao na kutayarisha makadirio yake ya matumizi. Katiba ya mwaka 2010 ikauimarisha uwezo huo katika Ibara ya 127. Mageuzi haya hayakushangiliwa barabarani kama yalivyoshangiliwa yale ya 1991, lakini sisi tunayahesabu miongoni mwa matunda makubwa ya harakati zetu. Bunge lisilo na wafanyakazi wake lenyewe ni kama shahidi anayeletwa mahakamani kwa gari la mshtakiwa.

Lakini uhuru wa taasisi ni jambo moja, na haki ndani ya taasisi hiyo ni jambo jingine. Wabunge walipopata uwezo wa kupanga fedha zao, ni nani walimkumbuka kwanza? Mwaka 2003, miezi michache tu baada ya wananchi kuing'oa KANU kwa shangwe, Bunge jipya lilijiongezea mapato hadi karibu shilingi 500,000 kwa mwezi, na marupurupu ya mbunge hayakutozwa kodi kama yanavyotozwa mapato ya karani wake. Mwaka 2010, wiki chache kabla ya kura ya maamuzi ya tarehe 4 Agosti, wabunge waliidhinisha nyongeza nyingine kwa ajili yao wenyewe. Katiba mpya ilipofunga mlango huo kwa kuunda Tume ya Mishahara na Marupurupu, na kwa kuamuru katika Ibara ya 210 kwamba afisa wa serikali hawezi kusamehewa kodi kwa sababu ya cheo chake, wabunge waliusukuma mlango kwa bega. Mnamo Mei 2013 walipiga kura kuyafuta matangazo ya tume hiyo yaliyoupunguza mshahara wao hadi shilingi 532,500. Wakati huo wananchi walikuwa wamekwisha kupeleka nguruwe kwenye lango la Bunge kuonyesha hasira yao. Baadaye wakajipa shilingi 250,000 kila mwezi za malipo ya nyumba, hata Mahakama Kuu ikalazimika kusema, mnamo Desemba 2020, kwamba fedha hizo zilitolewa kinyume cha sheria na zirudishwe.

Hatuyarudii haya kwa ajili ya kuwakejeli waheshimiwa. Tunayarudia kwa sababu yanaonyesha kwamba fedha zikitakiwa kwa ajili ya wakubwa, hupatikana upesi, na hata tarehe ya nyuma ya kuanzia malipo hupatikana. Lakini zikitakiwa kwa ajili ya mtu anayeandika ripoti usiku, tunaambiwa kwamba bajeti imekwisha kufungwa, kwamba tusubiri makadirio ya ziada, kwamba faili iko mezani kwa fulani. Na msubiri huyo ana kodi ya nyumba, ana karo, ana mzazi mgonjwa kijijini. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Yafaa tueleze kazi yenyewe, kwa kuwa wengi hawaijui. Mbunge anaposimama na kusema, maneno yake hayajiandiki. Zamani yaliandikwa kwa hati mkato na kupigwa kwa taipureta. Siku hizi yananaswa kwa mitambo na kuandikwa kwa kompyuta. Lakini bado ni lazima awepo mtu wa kusikiliza, kutofautisha msemaji na mkatizaji, kuandika Kiswahili kwa Kiswahili na Kiingereza kwa Kiingereza, kusahihisha na kukabidhi. Tangu Kiswahili kilipoingia Bungeni mwaka 1974, kazi hiyo inahitaji watu wanaozimudu lugha zote mbili barabara. Kikao kikiendelea hadi usiku, wao pia huendelea hadi usiku, na mbunge anapokwenda nyumbani wao hubaki wakimalizia maneno yake. Kamati nazo zina makarani wanaoandika mihtasari, wanaopokea maoni ya wananchi na kuyapanga, na wanaotayarisha ripoti ambazo mwenyekiti husimama na kuzisoma kama kwamba alizitunga mwenyewe.

Sisi tulio wanasheria tunaijua thamani ya kazi hiyo kuliko wengine. Jaji anapotaka kujua Bunge lilikusudia nini katika sheria fulani, huifungua Hansadi. Anapotaka kujua kama wananchi walishirikishwa kama Ibara ya 118 inavyoamuru, huuliza orodha ya waliofika, maoni waliyotoa na jibu la kamati. Katika kesi kubwa za miaka ya karibuni kuhusu sheria za fedha, swali la ushiriki wa wananchi lilibishaniwa hadi Mahakama ya Juu, na hoja za pande zote ziliegemea karatasi zilizotayarishwa na makarani. Taifa likimdharau mtunza kumbukumbu wake, linaidharau kumbukumbu yenyewe.

Sasa tuyatazame malimbikizo. Mfano mdogo utatosha. Tuseme karani ameidhinishiwa nyongeza ya shilingi 4,000 kwa mwezi kuanzia Julai, na nyongeza hiyo ikaja kulipwa baada ya miezi 18. Anadai shilingi 72,000. Zikilipwa zote, mwajiri atajisifu kwamba ameondoa deni. Lakini kwa miezi hiyo 18 karani aliishi kwa mkopo wa chama cha ushirika au wa mkopeshaji wa mtaani, na riba aliilipa yeye. Bei ya unga na nauli haikumsubiri. Kwa maneno mengine, mfanyakazi mdogo amemkopesha mwajiri mkubwa shilingi 72,000 bila riba, bila kuulizwa, na bila kushukuriwa. Tena zikilipwa kwa mkupuo mmoja na kuhesabiwa kama pato la mwezi mmoja, makato ya kodi huzimeza zaidi ya ambavyo yangezimeza kama zingelipwa mwezi kwa mwezi.

Kwa wastaafu hasara ni kubwa zaidi, nayo haina mwisho. Chini ya Sheria ya Pensheni, Sura ya 189, pensheni ya watumishi wa zamani huhesabiwa kwa sehemu 1 ya 480 ya mshahara wa mwisho kwa kila mwezi wa utumishi. Aliyetumika miaka 30 ana miezi 360, yaani hupata robo tatu ya mshahara wake wa mwisho. Basi karani yule yule akistaafu kabla nyongeza yake ya shilingi 4,000 haijaingizwa katika hesabu, hupoteza shilingi 3,000 za pensheni kila mwezi, mwezi huu na ujao, hadi siku anapozikwa. Na akifa kabla ya kulipwa, mjane wake huanza safari ya kwenda na kurudi afisini akiwa na bahasha ya vyeti, akiambiwa arudi Jumatatu. Ucheleweshaji ambao mhasibu anauona kama tarakimu tu, katika nyumba ya mstaafu ni upungufu wa chakula.

Kenya imeshaona mara nyingi matokeo ya ahadi za mishahara zisizotimizwa. Mwaka 1997, uchaguzi ulipokuwa ukikaribia, serikali iliwaahidi walimu nyongeza ya hadi asilimia 200 itakayolipwa kwa awamu 5. Awamu ya kwanza ikalipwa, uchaguzi ukapita, na ahadi ikaachwa njiani. Walimu waligoma mwaka 1998, wakagoma tena mwaka 2002, na watoto wetu ndio waliokosa masomo. Madaktari walitia sahihi mkataba wao mwaka 2013. Haukutekelezwa, na mgomo ulioanza Desemba 2016 ukaendelea kwa siku 100, huku viongozi wao wakitupwa gerezani mnamo Februari 2017. Mwaka 2024 waligoma tena kwa siku 56, na miongoni mwa madai yao yalikuwamo malimbikizo ya mkataba wa zamani. Serikali isiyolipa inachodaiwa leo huja kulipa zaidi kesho, na wanaoumia katikati ni wagonjwa na wanafunzi ambao hawakutia sahihi mkataba wowote.

Makarani wa Bunge hawana uwezo wa kuifunga nchi kama walimu na madaktari. Idadi yao ni ndogo na kazi yao haionekani. Kwa sababu hiyo hasa ni rahisi kuwasahau. Na wapo miongoni mwao walio dhaifu kuliko wengine, nao ni wale wa afisi za maeneo-bunge. Hao hulipwa kwa fedha za umma, lakini huchaguliwa na mbunge, na mikataba yao hufuata muhula wake. Mbunge akishindwa katika uchaguzi, kazi yao imekwisha. Akikasirika, kazi yao imo hatarini. Mtu wa namna hiyo atadai vipi malimbikizo yake? Katika kaunti hali ni mbaya kwa namna nyingine. Kila mara Hazina inapochelewesha mgao wa kaunti, kama ilivyotokea mwaka 2019 Seneti na Bunge la Taifa yalipovutana kwa miezi juu ya mgawanyo wa mapato, mishahara ya wafanyakazi wa kaunti ndiyo hutetemeka kwanza.

Sheria inasemaje? Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila mfanyakazi haki ya kutendewa haki kazini, ya kupata malipo ya haki, na ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Ibara ya 230 inaitaka Tume ya Mishahara na Marupurupu izingatie uwezo wa taifa wa kulipa, lakini pia uwazi na usawa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri alipe mshahara unapostahili kulipwa, na inaamuru malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Lakini sheria hiyo hiyo inampa mfanyakazi miaka 3 tu ya kupeleka dai lake mahakamani. Hapa tunawaonya wafanyakazi wote wanaotusoma: msibembelezwe kwa ahadi za maneno hadi muda upite. Andikeni barua, tunzeni nakala, ombeni jibu la maandishi. Mwajiri anayesema "tunalishughulikia" kwa miaka 3 huenda anaihesabu kalenda kuliko mnavyodhani.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa. La kwanza ni kwamba gharama ya mishahara ya umma imekuwa kubwa mno, na kwamba kanuni za fedha za mwaka 2015 zimeweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato. Ni kweli, na sisi si maadui wa nidhamu ya fedha. Lakini mahali pa kupima uwezo wa taifa ni kabla ya kuidhinisha nyongeza, na siyo baada yake. Kama fedha hazipo, semeni hapana kwa uwazi na kwa sababu zilizoandikwa. Kusema ndiyo mbele ya mfanyakazi na hapana mbele ya mhasibu hakuwezi kuitwa nidhamu ya fedha. Huo ni ulaghai.

Pingamizi la pili ni kwamba wafanyakazi wa Bunge wanaishi vizuri kuliko watumishi wengine wa umma, na kwamba muuguzi wa zahanati anastahili kuhurumiwa kabla yao. Hatutaki kumshindanisha maskini na maskini mwenzake. Muuguzi ana haki yake na tutaitetea. Lakini haki ya muuguzi haikui kwa sababu deni la karani limesahauliwa. Tena wafanyakazi wa Bunge si kundi moja. Afisa wa cheo cha juu aliye Nairobi na katibu muhtasi aliye katika afisi ya eneo-bunge huko Turkana au Tana River hawali sahani moja. Nyongeza inayotolewa kwa asilimia sawa kwa wote humpa mkubwa gunia na mdogo kibaba.

Pingamizi la tatu hunong'onwa, halisemwi hadharani: kwamba mwananchi ana hasira na Bunge, na hataki kusikia neno mshahara likitajwa karibu na jumba lile. Tunaielewa hasira hiyo. Tarehe 25 Juni 2024 vijana wetu walifika hadi ndani ya Bunge, na baadhi yao waliuawa kwa risasi. Siku chache baadaye nyongeza za mishahara ya wabunge na maafisa wengine wa ngazi za juu zilisimamishwa, na zilistahili kusimamishwa. Lakini tuwe waangalifu ghadhabu yetu isimpige asiyehusika. Aliyepiga taipu mswada siye aliyeupigia kura.

Kwa ndugu zetu wa makanisani tuna neno la pekee. Wakati viongozi wa kanisa walipousema ukweli katika miaka ya 1980 na 1990, wakati Askofu Henry Okullu, Askofu Alexander Muge, Mchungaji Timothy Njoya na wenzao walipoonywa wasichanganye dini na siasa, jibu lao lilikuwa kwamba haki ni sehemu ya Injili. Basi Maandiko hayakunyamaza juu ya mshahara. Torati inaagiza kwamba mfanyakazi maskini alipwe siku hiyo hiyo kabla jua halijatua, kwa kuwa moyo wake unautegemea ujira huo. Nabii Yeremia alimlaani mfalme aliyejijengea jumba zuri huku akimtumikisha jirani yake bila kumlipa. Naye Yakobo anaonya kwamba ujira uliozuiliwa una sauti, na kwamba sauti hiyo hufika masikioni mwa Bwana. Hakuna mahali ambapo Maandiko yanasema kwamba mwenye shamba asamehewe akiwa mheshimiwa.

Kwa hiyo tunadai mambo yafuatayo kutoka kwa Tume ya Huduma za Bunge, bodi za mabunge ya kaunti na Hazina ya Taifa:

1. Kila nyongeza inayoidhinishwa itangazwe pamoja na tarehe ya kuanza, tarehe ya kulipwa na fungu la bajeti litakaloilipa. Nyongeza isiyo na fungu la fedha isitangazwe.

2. Malimbikizo yote yanayodaiwa na makarani, makatibu muhtasi na wafanyakazi wa ngazi za chini yalipwe kabla ya senti yoyote ya marupurupu mapya ya wabunge au maafisa wa juu. Anayeongoza meza ale mwisho.

3. Malimbikizo yanapolipwa kwa pamoja, yahesabiwe katika miezi yalikostahili, ili kodi isimwadhibu mfanyakazi kwa kosa la mwajiri.

4. Wastaafu na warithi wa marehemu watafutwe na walipwe, na pensheni zihesabiwe upya kwa mshahara uliostahili. Wasiachwe wapange foleni kuomba kilicho chao.

5. Wafanyakazi wa afisi za maeneo-bunge wawe na mikataba ya maandishi iliyo chini ya Tume, na mbunge asiwe na uwezo wa kumfukuza mtu kwa hasira au kwa sababu za siasa bila utaratibu wa sheria.

6. Haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi na ya kujadiliana kwa pamoja iheshimiwe ndani ya jumba linalotunga sheria za kazi za wengine wote.

7. Tume ichapishe kila mwaka, kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa, ni kiasi gani cha malimbikizo kinadaiwa, na watu wangapi, na kwa muda gani.

Ndugu wasomaji, hatuwaombi mwandamane kwa jambo hili. Tunawaombeni muulize. Mbunge hupatikana kwa urahisi siku ya mchango wa kanisa, anapokuja na bahasha na msafara wa magari. Mwaka 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilionyesha ujasiri kwa kukataa fedha za wanasiasa zilizotolewa katika kanisa moja la Soweto. Nasi katika parokia na mitaa yetu tunaweza kuonyesha ujasiri mdogo zaidi. Kabla ya kipaza sauti kukabidhiwa kwa mheshimiwa, mzee wa kanisa au mama wa jumuiya amuulize maswali mawili: katibu wa afisi yako alilipwa lini mara ya mwisho, na unadaiwa nini naye? Kama hawezi kujibu, bahasha ile airudishe afisini kwake, imlipe aliyeitayarisha orodha ya wageni wa siku hiyo.

Tulidai vyama vingi ili mamlaka yawe na wa kuyauliza. Tulidai Bunge huru ili pasiwe na mtu mmoja anayeshika kalamu za wengine wote. Leo kalamu ziko mikononi mwa Tume ambayo wengi wa wanachama wake ni wabunge. Hakuna tena wa kumsingizia. Ahadi waliyoitia sahihi ni deni, na wanaolidai wako chini ya paa lao.